Chaja ya Betri ya Gari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuihifadhi na Kutafuta Hitilafu

Majibu haya yanahusu chaja za kawaida za betri za volti 12 za asidi na risasi: zile za zamani zenye transfoma nzito, na zile nyepesi za kielektroniki zinazojizima zenyewe. Chaja nyingi zinazosemwa kuwa zimekufa zina kibanio chenye kutu, fyuzi iliyoungua, au zimefungwa kwenye betri ambayo ndiyo mgonjwa halisi. Kwa hiyo pima kabla ya kununua nyingine.

Nitajuaje kama tatizo liko kwenye chaja au kwenye betri?

Tafuta mita ya dijitali na uiweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Iache betri itulie saa 4 au zaidi bila kuchajiwa wala kutumika, kisha gusisha ncha za mita kwenye vichwa vya risasi vyenyewe. Betri ya maji iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 imekwisha. Betri za AGM, ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo badala ya kuwa maji huru, husoma juu kidogo. Ikijaa hukaribia 12.8 au kupita hapo.

Andika namba uliyopata. Funga chaja, iwashe, subiri dakika 5, kisha pima tena palepale kwenye vichwa vya betri. Matokeo yatakuwa mojawapo ya haya:

Volti zimepanda na zinaendelea kupanda taratibu, kwa mfano kutoka 12.1 hadi 13, na baada ya saa kadhaa 14.2 au 14.4. Chaja ni nzima.

Volti hazijasogea kabisa. Hakuna umeme unaoingia. Kabla ya kuilaumu chaja, hamisha ncha za mita kwenye chuma cha vibanio. Ikiwa vibanio vinasoma 14 na vichwa vya betri vinasoma 12.1, kuna uchafu au kutu katikati. Tofauti ya zaidi ya volti 0.3 baina ya kibanio na kichwa chake inatosha kuharibu kazi nzima.

Volti zimeruka mara moja hadi 15 au zaidi. Hapo kuna mambo mawili: betri imeota salfeti (fuwele ngumu zinazofunika sahani za risasi ndani yake) na haipokei umeme, au kidhibiti cha chaja kimeharibika. Jaribu chaja hiyohiyo kwenye betri unayojua ni nzima. Ikipita 15 na huko pia, na hukuchagua hali ya kufufua betri, acha kuitumia. Itachemsha maji ya kila betri utakayoifunga.

Volti zinakwama karibu na 10.5 hata baada ya saa nyingi. Seli moja ya betri imekufa. Betri ina seli 6, kila moja ikitoa kama volti 2.1, toa moja kwenye 12.6 unabaki na 10.5. Chaja haiwezi kutibu hilo.

Nimepima vibanio vikiwa hewani na mita inasoma 0, ilhali chaja imewashwa. Si imekufa basi?

Hapana, usiitupe kwa sababu hiyo. Chaja nyingi za kielektroniki hazitoi umeme mpaka zihisi betri upande wa pili. Ni ulinzi: vibanio vikigusana, hakuna cheche. Kipimo cha haki ni kupima ikiwa imefungwa kwenye betri yenye angalau volti 11 au 12.

Chaja ya transfoma ni tofauti. Hiyo inapaswa kutoa volti hata ikiwa hewani, ingawa namba utakayoiona inaweza kuwa chini kuliko ulivyotarajia, kwa kuwa umeme wake unapanda na kushuka na mita inaonyesha wastani tu. Ikisoma 0 kabisa, kagua fyuzi, swichi ya kuchagua volti, na maungio ya nyaya.

Chaja haiwaki hata taa moja. Nianzie wapi?

Anzia ukutani uje mpaka kwenye kibanio, bila kuruka hatua. Chomeka kifaa kingine kwenye soketi hiyohiyo. Soketi ikiwa haina umeme, kazi imeisha. Plagi za pini 3 za bapa zina fyuzi ndani: ifungue, itoe, ipime kwa mita katika kipimo cha ohmu. Fyuzi nzima husoma karibu na 0. Usitegemee macho, maana fyuzi za kauri hazionyeshi zilipoungulia.

Kisha kagua waya wa umeme pale unapoingia kwenye plagi na pale unapoingia kwenye kasha la chaja. Hapo ndipo nyaya hukatikia ndani huku ganda la nje likiwa zima. Chaja ikiwaka unapokunja waya na kuzimika unapouachia, waya umekatika. Chomoa na ubadilishe waya wote. Kuuzungushia utepe si matengenezo.

Kumbuka pia kwamba baadhi ya chaja hazina taa ya umeme wa ukutani. Zinawaka tu zikishafungwa kwenye betri.

Fyuzi ikiungua, weka mpya ya ampea zilezile. Fyuzi ya pili nayo ikiungua papo hapo, kuna shoti ndani, na kuongeza ukubwa wa fyuzi au kuziba kwa karatasi ya fedha ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye nyaya.

Chaja inawaka, lakini inagoma kuanza kwenye betri iliyoisha kabisa. Kwa nini?

Chaja ya kielektroniki hupima betri kwanza. Ikikuta volti zilizo chini ya kiwango chake cha kuanzia, inadhani hakuna betri au kuna shoti, na inakataa. Kiwango hicho hutofautiana sana: baadhi huanza kwenye volti 2, nyingine zinataka 6 au 8. Kitabu cha chaja ndicho kitakachosema.

Ikiwa chaja yako ina hali ya kulazimisha, itumie na ukae karibu. Kama haina, tumia betri ya pili. Hakikisha betri iliyolala haijavimba, haijapasuka na haijaganda kwa baridi. Unganisha betri nzima ya volti 12 sambamba nayo kwa nyaya za kubusti, chanya kwa chanya, kisha hasi. Kibanio cha mwisho cha hasi kishike chuma kitupu cha gari lenye betri iliyolala, mbali na betri yenyewe. Injini ya gari la pili iwe imezimwa. Sasa funga chaja na uiwashe: itaona volti za kutosha na kuanza. Baada ya dakika 10 hadi 15 ondoa nyaya za kubusti, ukianza na kile kibanio cha mwisho. Mara nyingi chaja itaendelea yenyewe.

Ikikataa tena mara tu betri nzima inapoondolewa, betri iliyolala haishiki chaji.

Taa ya kijani imewaka baada ya dakika chache, lakini gari bado haliwaki. Chaja inadanganya?

Chaja inasoma volti, na volti za betri yenye salfeti hupanda haraka kwa sababu sehemu ndogo tu ya sahani zake bado inafanya kazi. Sehemu hiyo hujaa upesi, chaja inaona 14.4, inatangaza ushindi.

Kuthibitisha, chomoa chaja, washa taa za mbele kwa dakika 2 ili chaji ya juujuu iondoke, zizime, subiri dakika 10 na upime. Kisha acha betri usiku mzima ikiwa imetenganishwa na gari, upime tena. Ikishuka chini ya 12.4 bila kutumika, betri imechoka. Kipimo cha mwisho ni kusoma volti wakati mtu anapiga stata: zikianguka chini ya 9.6 katika hali ya hewa ya kawaida ilhali betri ilisoma 12.6 kabla yake, ina volti lakini haina nguvu.

Chaja nyingine zina hali ya kufufua betri inayopandisha volti hadi 15.5 au 16. Inaweza kusaidia betri ya maji iliyokaa wiki chache bila chaji. Kwa iliyokaa mwaka mzima, usitegemee makubwa. Masharti yake hayana mjadala: betri itolewe kwenye gari au nyaya zake zifunguliwe, kwa kuwa volti hizo zinaweza kuua kompyuta za gari, na isitumike kamwe kwenye betri za AGM, jeli au lithiamu.

Inachaji siku nzima na zaidi bila kumaliza. Tatizo ni nini?

Piga hesabu kwanza. Betri ya ampea-saa 60 iliyofika nusu inahitaji ampea-saa 30, ongeza kama asilimia 15 zinazopotea, unapata karibu 35. Chaja ya ampea 6 itachukua saa 6 kwa mwendo wa kwanza, kisha saa kadhaa za kumalizia maana ampea hupungua betri inapokaribia kujaa. Chaja ndogo ya ampea 1 itachukua siku moja na nusu au mbili kwa kazi hiyohiyo. Hiyo si hitilafu, ni chaja ndogo kwa kazi kubwa. Kama kanuni, ampea za chaja ziwe karibu sehemu ya kumi ya ampea-saa za betri.

Hesabu ikikataa, angalia kama kuna kitu garini kinachokula umeme: taa ya buti, redio, kengele ya wizi. Gari lililolala linapaswa kula chini ya ampea 0.05. Fungua waya hasi wa betri, chaji betri ikiwa peke yake, uone kama itamaliza. Isipomaliza, na seli moja inachemka kuliko nyingine au upande mmoja wa betri una joto zaidi, betri ina shoti ndani. Chaja nyingi hukata kazi baada ya muda uliopangwa na kuonyesha taa ya hitilafu. Mara nyingi taa hiyo inasema habari za betri.

Chaja yangu ya transfoma inatoa sauti ya "tik", inakata, kisha inarudi yenyewe kila baada ya muda. Imeharibika?

Hicho ni kikata-joto cha ndani kinachofanya kazi yake. Betri iliyoisha kabisa huvuta ampea nyingi kuliko chaja inavyoweza kutoa, kikata-joto kinapata moto na kufunguka, kinapoa, kinafunga tena. Ikiwa chaja ina swichi ya kiwango cha chini, anzia hapo kwa saa moja. Mlio ukiendelea baada ya saa moja au mbili bila volti za betri kupanda, shuku betri yenye shoti au swichi iliyowekwa kwenye 24 kwa betri ya 12. Swichi hiyo ya 6, 12 na 24 iangalie kila mara kabla ya kuchomeka. Ni rahisi kuisukuma bila kujua wakati wa kubeba chaja.

Ikinguruma kwa nguvu na haitoi kitu, au inatoa nusu ya ampea zake za kawaida, dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ndiyo ya kwanza kushukiwa. Dayodi moja ikikatika, nusu ya umeme hupotea. Ikishikana shoti, transfoma inalemewa na fyuzi inaungua.

Niligeuza vibanio, chanya kwenye hasi. Nifanye nini?

Chomoa plagi ukutani kwanza, kisha ondoa vibanio. Chaja za kisasa huwasha taa nyekundu na hazidhuriki. Chaja za zamani huunguza fyuzi, na pasipo fyuzi huunguza dayodi. Badilisha fyuzi, kisha fanya kile kipimo cha dakika 5. Kama betri ilikuwa bado imefungwa garini, kagua pia fyuzi kuu za gari na za alternata.

Ni mpangilio gani sahihi wa kufunga na kufungua?

Kufunga: plagi ikiwa nje ya soketi, chanya kwenye betri, kisha hasi kwenye chuma kitupu cha injini au bodi mbali na betri (au kwenye kichwa hasi kama betri iko nje ya gari), ndipo uchomeke. Magari yenye kihisi cha betri kwenye waya hasi yana sehemu maalumu ya kushikia, tumia hiyo. Kufungua: chomoa ukutani, ondoa hasi, ondoa chanya.

Sababu ni gesi. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo inaweza kulipuka kwa cheche moja. Chaji mahali penye hewa, vaa miwani, na usiweke chaja juu ya betri.

Chaja kupata joto ni kawaida?

Uvuguvugu, ndiyo. Ikiwa huwezi kuweka kiganja juu ya kasha kwa sekunde chache, au kuna harufu ya plastiki inayoungua, chomoa. Kagua kama matundu ya hewa yameziba kwa vumbi, kama feni inazunguka, na kama chaja imewekwa juu ya blanketi au kiti cha gari. Joto likiwa kwenye kibanio kimoja tu, mguso ni mbovu hapo. Betri nayo ikipita joto la nyuzi 50, simamisha.

Inaangusha swichi kuu ya nyumba ninapoichomeka.

Jaribu bila betri. Ikiangusha hata hivyo, kuna unyevu au shoti ndani. Iweke mahali pakavu penye hewa kwa siku 2 au 3 ujaribu mara moja tena. Ikirudia, ipeleke kwa fundi. Usiichomeke kwenye soketi isiyo na ulinzi ili tu iwake.

Ninaweza kutumia ekstensheni?

Ndiyo, iwe nene na fupi kadiri inavyowezekana, yenye waya wa ethi. Ya kuzungushwa kwenye gurudumu ikunjue yote, kwa sababu ikibaki imezungushwa hujipasha joto.

Chaja ihifadhiwe wapi?

Pakavu, pasipo jua la moja kwa moja, na mbali na betri. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa: watu huweka chaja na betri ya akiba kwenye rafu moja, mvuke wa asidi unapanda, na baada ya miezi michache vibanio vina unga wa kijani na ndani ya kasha njia za shaba zimeanza kuliwa. Weka pia mbali na mbolea, klorini na chumvi.

Usiiweke chini sakafuni, hasa sakafu ya saruji inayotoa unyevu. Rafu au msumari ukutani panafaa. Buti la gari si ghala: kuna joto kali mchana, unyevu usiku na mtikisiko wakati wote, na viungio vya risasi ndani ya chaja hulegea. Kama huna pengine, basi sanduku gumu lenye sponji na pakiti za silika zinazonyonya unyevu.

Chaja yenye matundu makubwa ifunike kwa kitambaa au mfuko wa nguo. Mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa hunasa unyevu uliokuwemo. Mende na panya hupenda kasha lenye uvuguvugu, kwa hiyo usiirudishe rafuni ikiwa bado ya moto, isubiri ipoe.

Nyaya zikunjwe vipi?

Kwa duara pana, kama sentimita 20 au zaidi, zifungwe kwa ukanda laini. Kuzizungusha kwa nguvu kwenye mwili wa chaja ndiko kunakokata nyuzi za shaba pale waya unapotokea kwenye kasha. Vibanio viache vishike kipande cha ubao au plastiki, kila kimoja mbali na mwenzake, na visibaki vimefunguliwa kwa upana kwa miezi maana springi hulegea.

Vibanio vina kutu au unga mweupe. Nisafisheje?

Chomoa chaja. Changanya kijiko kimoja cha chakula cha bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, kwenye mililita 250 za maji ya uvuguvugu. Chovya meno ya vibanio tu, sugua kwa mswaki wa zamani mpaka povu likome, suuza, kausha kabisa. Penye kutu ngumu tumia brashi ya waya au msasa laini mpaka chuma king'ae, kisha paka vaselini nyembamba. Kagua pale waya unapoingia kwenye kibanio: shaba ikiwa imekuwa ya kijani au nyeusi, kata sentimita chache mpaka ufikie shaba safi na ukaze upya. Usipitishe mchanganyiko huo karibu na vizibo vya betri. Ukiingia ndani unaua asidi.

Chaja nayo inahitaji kuchajiwa inapokaa bila kazi?

Chaja ya kawaida haina betri ndani, kwa hiyo hapana. Kuiwasha kwenye betri kwa saa moja kila baada ya miezi 3 hadi 6 kunatosha: kunafukuza unyevu, kunasaidia kapasita zake (vifaa vya ndani vinavyohifadhi umeme kwa muda), na kunakuonyesha hitilafu kabla ya siku ya shida. Vifaa vya kubustia gari vyenye betri ndani ni jambo lingine. Hivyo vichaji kila baada ya miezi 3, maana vikiisha kabisa na kuachwa hivyo, mara nyingi havirudi.

Ninaweza kuiacha chaja kwenye gari lililoegeshwa kwa wiki nyingi?

Ikiwa ina hatua ya kutunza betri, ambapo volti hushuka hadi kati ya 13.2 na 13.8 baada ya kujaa, ndiyo. Chaja ya transfoma isiyojizima, hapana kabisa. Itaendelea kusukuma umeme mpaka maji yakauke na sahani zipinde. Ukikata umeme wa ukutani, ondoa na vibanio, kwa sababu baadhi ya chaja hunyonya betri taratibu zikiachwa zimefungwa.

Chaja hii itachaji betri ya lithiamu?

Ikiwa tu ina hali iliyoandikwa hivyo.

Naweza kuifungua na kuitengeneza mwenyewe?

Ya transfoma, kwa mtu anayejua kutumia mita na koleo la kulehemu risasi, ndiyo: waya, fyuzi, swichi, kikata-joto na dayodi vyote vinaonekana na vinapimika. Dayodi pima ikiwa imefunguliwa mguu mmoja. Ipitishe umeme upande mmoja tu. Badala weka yenye ampea sawa au zaidi, na irudishe kwenye bati lake la kupozea.

Ya kielektroniki usiiguse kama hujazoea umeme wa moja kwa moja kutoka ukutani. Kapasita kubwa ya ndani hubeba zaidi ya volti 300 ikiwa umeme wa nyumba ni volti 230, na inaweza kubaki nazo kwa muda hata baada ya kuchomoa. Kasha lake likiwa limegundishwa kwa joto bila skrubu, kubali kwamba halikutengenezwa lifunguliwe. Kata vibanio vyake ukiwa umeichomoa, uvitunze kwa matumizi mengine kama bado ni vizuri, na kasha lipeleke panapokusanywa taka za kielektroniki.